Masanduku Manane ya Mlima Tabori

Mchungaji Nehemiah Fludd alikaa katika bunge la jimbo letu miaka kumi na minne, na aliyemtoa ni mimi. Watu wa kaunti yetu husema alitolewa na wazungu wa mashati mekundu, waliozunguka na silaha kuwatisha watu weusi wasipige kura. Hao walijaribu wakashindwa. Mwaka wa elfu moja mia nane sabini na sita walikuja wapanda farasi ishirini hadi mlangoni mwa kanisa, bunduki mapajani, naye akatoka kofia mkononi, akawauliza kama wamekuja kusali, maana viti vya mbele bado vina nafasi. Wakatukana, wakapiga risasi paa, wakaenda zao. Uchaguzi ule alishinda. Kilichomtoa miaka sita baadaye ni aibu yangu. Nimekwisha kuungama mbele za Mungu na mbele za kanisa, lakini sijapata kulieleza jambo lote tangu mwanzo wake.

Naitwa Scipio Rivers. Nilizaliwa mtumwa katika shamba la mpunga la Mlima Tabori, mahali ambapo hapana mlima wala kichuguu. Bwana aliyelipatia shamba jina hilo alikuwa mtu wa kujisifu. Nehemiah alizaliwa shamba la ng'ambo ya mto, akafundishwa useremala. Tulikuwa rika moja. Vita vya Kaskazini na Kusini juu ya utumwa vilipofika pwani, yeye alitoroka kwa mtumbwi akaenda kwa askari wa Kaskazini, waliopigana na mabwana zetu. Wakampa koti la buluu, na humo kambini alijifunza kusoma kwa mwezi mmoja na nusu kutoka kwa koplo mmoja mwenye kifua kikuu. Alikuwa akisema kwamba alijifunza upesi kwa sababu mwalimu wake alikuwa anakufa.

Alirudi kwetu akiwa mhubiri. Mwaka wa sitini na nane tukamchagua aende mji mkuu kuandika katiba mpya ya jimbo. Wapo waliocheka. Mtu aliyenunuliwa mnadani pamoja na misumeno yake, leo anakwenda kuandika katiba. Alikwenda. Kifungu alichokipigania ni kile cha shule, kwamba kila mtoto, mweusi na mweupe, awe na mahali pa kufundishwa. Baada ya hapo tukamrudisha bungeni kila uchaguzi. Mke wangu Tirzah alimfungia wali na kunde katika kikapu kila alipopanda treni, kwa kuwa hapakuwa na hoteli huko ambayo ingemlisha. Alilala kwa mjane mmoja mfua nguo. Siku moja mbunge wa kizungu alisema wazi kwamba upande ule wa chumba unanuka tope la mpunga. Mchungaji akasimama, akasema, "Mheshimiwa, hiyo ni harufu ya chakula chako cha mchana." Hadithi hiyo tuliirudia sana mashambani. Watu waliinama kung'oa magugu, mmoja akisema "harufu ya chakula chako," na mstari mzima ukacheka.

Sasa nije kwangu.

Katika kanisa letu la Ebenezeri wengi hatukujua kusoma, na kwa hiyo wimbo uliimbwa hivi: mtu mmoja anasimama na kitabu, anataja mstari, kanisa linaupokea na kuuimba polepole, kisha anataja mwingine. Mtu huyo nilikuwa mimi. Utotoni nilikuwa nasimama nyuma ya meza ya mabwana nikiwapepea nzi, na kila Jumapili bibi wa nyumba aliimba. Wimbo nikiusikia mara mbili, unakaa. Mchungaji alipotuletea kitabu cha nyimbo hakuniuliza kama najua kusoma. Alinipa tu, mbele ya kanisa, na mimi nikakifungua. Hicho ndicho kitendo chote nilichofanya. Nikakitazama, nikataja mstari wa kwanza nilioujua kwa moyo, na kanisa likaupokea. Tangu siku hiyo watu walianza kuniletea barua niwasomee, nami nikajifunza kusema kwamba miwani yangu imevunjika.

Tirzah peke yake alijua. Jumapili moja tukirudi nyumbani aliniambia, "Leo kitabu umekishika kichwa chini, miguu juu."

"Kuna aliyeona?"

"Nani aone? Wote ni kama wewe. Mwambie Mchungaji akufundishe, mume wangu. Anafundisha watoto, atashindwa na wewe?"

"Nitamwambia."

Nilikuwa nikiomba juu ya jambo hilo kila asubuhi. Nilimwomba Mungu anijalie kusoma bila mtu kujua kwamba sikujua. Ni sala ya kipumbavu. Niliisali miaka kumi na mitatu.

Mwaka wa themanini na mbili wazungu waliolishika bunge wakatunga sheria ya masanduku ya kura. Mchungaji aliniita baada ya ibada, mwezi wa Oktoba, tukakaa kwenye ngazi za kanisa.

"Ndugu Scipio, umesikia habari za masanduku?"

"Nasikia ni manane."

"Manane. Kila cheo na sanduku lake, na jina limeandikwa juu. Karatasi ikiingia sanduku lisilo lake inatupwa, haihesabiwi. Na haruhusiwi mtu wetu kuingia na mwenzake kumwonyesha. Hawakuandika popote kwamba mtu mweusi asipige kura. Wameandika tu kwamba asiyejua kusoma atapotea."

"Basi wametumaliza."

"Hawajatumaliza. Tuna majuma matatu, na maneno yenyewe ni manane. Mimi nitafundisha hapa Ebenezeri na ng'ambo ya mto. Wanaume wa Mlima Tabori ni wako. Wako wangapi?"

"Pamoja na mimi, sitini na watatu."

"Nao ndio watakaoamua. Nimehesabu mara nyingi, Scipio. Bila Mlima Tabori sirudi bungeni. Na nisiporudi mimi, kaunti hii haitakuwa na mtu wake hata mmoja mle ndani."

Akatoa mfukoni kadi nane alizoziandika kwa mkono wake, akanisomea mara moja tu, akidhani ananikumbusha: Gavana, Naibu wake, Maofisa wa Jimbo, Mwendesha Mashtaka, Seneta, Wawakilishi, Maofisa wa Kaunti, Bunge la Taifa. Yeye alikuwa wa sita, Wawakilishi. Kila mtu angepewa karatasi nane za kura zilizopangwa, ya juu kwa neno la kwanza, na kuendelea hivyo.

"Usiwafundishe mpangilio," aliniambia. "Mpangilio wazungu watauvuruga wakitaka. Wafundishe maneno yenyewe, walijue kila moja hata likiwa limesimama peke yake."

Nikasema, "Ndiyo, Mchungaji."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimezishika kadi kwa mpangilio ule ule, kidole gumba juu, kana kwamba nimebeba mayai.

Tulikutana katika ghala la kupuria mpunga, jua likielekea kuzama, watu wakiwa bado na makapi kwenye nywele. Nikazipanga kadi juu ya ubao. Nikafanya kitu nilichokijua: nikataja, wakapokea. Kwanza Gavana. Wakaimba, kwanza Gavana. Pili Naibu wake. Wakaimba. Siku ya tatu walikuwa wameshika yote manane, kwa sauti nne, na wanawake waliopita nje na ungo zao wakawa wanaitikia.

Cain Middleton ndiye aliyekuwa akisumbua. Alikuwa mlinda malango ya maji, yale yanayoingiza mto mashambani na kuutoa, mtu wa kutazama mto mchana kutwa na kujua kwa rangi yake kama umeanza kupwa. Macho yake hayakupitwa na kitu.

"Mwalimu," alisema, "hili neno la kwanza mbona lina miguu mingi kama kaa?"

"Kwa sababu Gavana hakai mahali pamoja," nikasema. Watu wakacheka.

"Na hili la tano lina tumbo."

"Ni Seneta. Umewahi kumwona mwembamba?"

Wakacheka tena. Cain naye alicheka, lakini akasogea, akaziokota kadi zote ubaoni, akazichanganya kama mcheza karata. Akainua moja mbele ya uso wangu. "Haya, tuone kama tumeshika. Hili ni lipi?"

Wanaume sitini na mmoja walikuwa wakinitazama. Nikaiangalia ile kadi. Nilimwona kaa, niliona tumbo, sikuona neno.

"Cain," nikasema, "tangu lini mwanafunzi akamhoji mwalimu? Somo limekwisha. Tuombe."

Tukaomba. Niliomba kwa muda mrefu, na wazee waliitikia amina kwa moyo, wakidhani nimeguswa na Roho. Cain alizirudisha kadi ubaoni, zikiwa ovyo. Kesho yake nilizipanga jinsi zilivyokuja, nikaendelea kutaja Gavana na Naibu wake na wengine wote. Wote walidhani nimezirudisha mahali pake, hata Cain, ambaye tangu jioni ile alikaa nyuma kabisa. Mimi mwenyewe sikujua ipi ni ipi. Kwa majuma mawili watu wazima walizitazama kadi zile kwa bidii, wakifuata kidole changu, nami nikiwafundisha kitu ambacho hakikuwepo.

"Mwambie," Tirzah alisema.

"Nitamwambia uchaguzi ukipita."

"Uchaguzi ukipita utamwambia nini, Scipio?"

Siku yenyewe tulitoka alfajiri, wote kwa pamoja, maana hakuna aliyethubutu kwenda peke yake. Kituo kilikuwa katika duka la njia panda. Wanawake wetu hawakuwa na kura lakini walikuja, wakasimama upande wa pili wa barabara na vyungu vya wali. Mama Bina, mjane mzee kuliko sisi sote, aliwaambia wanaume waliokuwa wakijikuna kwa wasiwasi, "Atakayerudi hapa na karatasi zake mkononi, akale kwa mama yake. Na kama mama yake alikufa, amfuate huko huko."

Waliingia mmoja mmoja. Kumi na wawili wa kwanza walitoka wakitabasamu, midomo ikicheza bado kwa ule wimbo. Mlango ulikuwa wazi. Masanduku yalikuwa juu ya meza ndefu, na msimamizi wao, Bwana Hasell, alikaa mwishoni mwake akivuta kiko. Cain, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alirudi nyuma ghafla akanishika mkono.

"Ameyahamisha. Nimemwona kwa dirisha. La mwisho amelileta kati, na yale mawili ya huku ameyapeleka kule."

"Una hakika?"

"Nakaa kutwa nikitazama maji, nitashindwa kuona sanduku? Ingia wewe. Usome yalivyokaa, upige kura yako, utoke utuambie mpangilio mpya. Si lazima uongee na mtu humo ndani. Soma tu."

Lilikuwa jambo jepesi. Mtu yeyote aliyejua maneno manane angelifanya. Watu hamsini walikuwa nyuma yangu kwenye mchanga, na Mchungaji alikuwa Ebenezeri, maili tisa kutoka pale, akiamini kwamba Mlima Tabori uko mikononi mwa mtu anayejua kusoma.

Niliingia. Masanduku yalikuwa manane, yote ya msonobari, yote yamepigiliwa karatasi nyeupe yenye wino mweusi. Nikayatazama toka mwanzo wa meza hadi mwisho. Bwana Hasell alitoa kiko mdomoni.

"Scipio," alisema kwa upole kabisa. "Unataka nikusomee? Sheria inaniruhusu, mtu akiwa hajui."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na mlango ulikuwa wazi. Cain alikuwa kizingitini. Nyuma yake niliona nyuso za watu niliowatajia mistari kila Jumapili.

Nikasema, "Najua kusoma, Bwana."

"Basi soma."

Nikatumbukiza karatasi zangu kuanzia kushoto, ya kwanza, ya pili, hadi ya nane, kama tulivyoimba. Nikatoka. Jua lilinipiga machoni.

"Vipi?" Cain aliuliza.

"Yako kama tulivyojifunza."

"Scipio, nimemwona kwa macho yangu akiyasogeza."

"Labda aliyarudisha. Mimi ndiye niliyesoma, Cain."

Alinitazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kitabu na yeye mtu wa malango ya maji, akaingia. Wakaingia wote baada yake, hadi wa mwisho, na kila aliyetoka alipita kwangu kunipa mkono.

Zilipohesabiwa, kura za Mlima Tabori zilizokubaliwa zilikuwa kumi na mbili. Hamsini na moja zilitupwa. Mchungaji Fludd alishindwa kwa kura arobaini na tatu.

Alikuja kwetu siku ya nne juu ya nyumbu, uso umekauka kwa uchovu, lakini hakuwa mtu aliyekata tamaa. Alikuwa na karatasi kubwa ndani ya koti. Tirzah akamwekea sahani ya wali na samaki. Hakuigusa.

"Nakata rufaa mbele ya bunge," alisema. "Najua waliokaa mle. Lakini wako watatu wanne wenye aibu, na wakili mmoja amekubali kusimama. Wao watasema watu weusi hawakujua kusoma, wakapotea, basi. Nahitaji shahidi mmoja ambaye hawawezi kumwambia hivyo. Uliingia, ukasoma, ukatoka ukawaambia watu. Halafu karatasi zako mwenyewe nazo zikatupwa. Maana yake walizihamisha kura zenyewe kwa mkono. Unaona? Wewe ndiye kesi yangu, Scipio. Hapa nimeandika kwa niaba yako uliyoyaona. Ongeza kwa mkono wako maneno yalivyokuwa yamepangwa, kisha utie sahihi."

Akanipa kalamu. Nikaichukua. Tirzah alikuwa amesimama karibu na moto, mwiko mkononi, wala hakunisaidia kwa kuondoka.

"Siwezi," nikasema.

"Unaogopa watakufukuza shambani? Nimelifikiria. Ebenezeri pana nyumba."

"Siwezi kuandika jina langu, Nehemiah. Sijui kusoma. Sijawahi kujua."

Alitazama ile kalamu mkononi mwangu.

"Kitabu cha nyimbo?"

"Ninazijua kwa moyo."

"Zote?"

"Mia mbili na kumi."

Akaweka viganja viwili juu ya meza. "Umesimama kulia kwangu miaka kumi na mitatu. Mimi nimekwenda kule kuwahutubia wageni habari za shule, na mtu wa kulia kwangu sikumwona." Kisha akauliza, "Hasell hakusema atakusomea? Sheria inamtaka."

"Alisema."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia najua."

Alifumba macho. "Angekusomea uongo, ningekuwa na kesi. Angekusomea kweli, ningekuwa na kura. Hukuniachia hata kimoja."

Akaikunja ile karatasi, akairudisha ndani ya koti, akamshukuru Tirzah kwa chakula ambacho hakukila. Nilimsindikiza hadi kwa nyumbu. Nilitaka anitukane. Alipanda tu, akaenda zake kwa mwendo wa kawaida.

Kiti chake alikikalia mzungu mwenye kinu cha kukobolea mpunga. Shule ya Ebenezeri, iliyokuwa na vyumba viwili, ikabaki na kimoja, na miezi mitatu kwa mwaka badala ya sita.

Katika karamu ya upendo ya Krismasi, ambapo watu wetu hushiriki mkate na maji na kila mmoja husimama kueleza hali ya roho yake, nilisimama nikaeleza yangu. Nilisema kadi zilikuwa zimevurugika. Nilisema sikusoma neno hata moja mle dukani. Mama Bina alianza kulia, naye hakuwa mtu wa machozi. Wengine walitazama chini. Cain ndiye aliyesimama.

"Nilikuambia nimemwona."

"Uliniambia."

"Ukaniambia wewe ndiye uliyesoma."

"Nilisema hivyo."

"Baba yangu alichapwa hadi kufa katika shamba lile. Kura yangu ya kwanza nilipiga kwa jina lake, na zote zilizofuata. Hii umeitia kwenye takataka kwa sababu hukutaka Cain ajue kwamba wewe ni sawa na Cain." Hakupaza sauti. "Umetuchotesha maji kwa pakacha, Scipio, na ukatufundisha kuimba tukichota."

Akavaa kofia yake humo humo ndani ya kanisa, akatoka. Hakurudi tena Ebenezeri.

Mchungaji alisema Bwana husamehe. Kama yeye mwenyewe amenisamehe hakusema, wala mimi sikumuuliza. Mwezi wa Januari alitangaza masomo ya jioni kwa watu wazima, Jumanne na Alhamisi, na nilipoingia alinyoosha kidole kwenye benchi la mbele. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika jembe tangu ujana wangu, na chaki ilivunjika ndani yake kama kijiti. Kulia kwangu alikaa Mama Bina. Alikuwa na miaka sabini, akatangulia kumaliza alfabeti, na hakuacha kunikumbusha.

"Bado uko kwenye herufi ya sita? Unajenga nyumba humo?"

Nilisali juu ya kila neno. Sikuomba tena kufichwa. Niliomba tu nilione. Ilichukua mwaka na miezi. Siku nilipousoma ukurasa mzima wa kitabu cha nyimbo, kidole chini ya kila neno, niligundua kwamba kwa muda wote nimekuwa nikitaja mistari mitatu kimakosa, na kanisa likiimba makosa yangu. Nikamwambia Mchungaji. Akasema, "Sasa waizoee iliyo sahihi," akaendelea kufuta ubao.

Alikuwa amerudi kwenye useremala. Alitengeneza madirisha na majeneza. Kiangazi cha mwaka wa themanini na nne kikohozi kikamshika, akaanza kutema damu, naye akasema ni koplo wake anakuja kudai ada. Ilipofika Novemba alikuwa hainuki tena kitandani, akiuguzwa na dada yake Dorcas.

Asubuhi ya uchaguzi nilikwenda njia panda. Tulikuwa kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamepoteza vyeti vyao vya kujiandikisha, wengine wamehamia mashamba mengine ambako vyeti havikutambuliwa, na wengi walisema hawana haja. Niliingia wa kwanza. Bwana Hasell alikuwa pale pale, na kiko kile kile.

"Nikusomee, Scipio?"

"Hapana, Bwana."

Niliyasoma. La tatu lilikuwa mahali pa kwanza, la sita lilikuwa mwisho kabisa. Nilitia karatasi zangu bila haraka. Nilipotoka niliwaambia watu kumi masanduku yalivyokaa, na baada ya kila mmoja wao kutoka niliuliza kama yamesogezwa. Kura zetu zote kumi na moja ziliingia mahali pake. Lakini katika ile karatasi ya Wawakilishi hapakuwa na jina la mtu wetu. Yalikuwa majina ya wazungu wawili, mmoja mbaya kidogo kuliko mwenzake, nasi tulimpigia yule mwingine.

Mchana ule nikaenda Ebenezeri kumpa habari. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mwembamba kama ufito.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Zote zimeingia sawa?"

"Zote."

"Nitajie."

Nikamtajia majina ya watu. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila jina, na nilipomaliza alingoja.

"Na Cain?"

"Cain hakuja."

"Mlete hapa. Mwambie mimi ndiye ninayemwita."

Nilimkuta Cain juu ya lango la maji, mto ukipwa, akipigilia ubao. Nilimsalimu. Akaendelea kupiga nyundo. Nikasema nimekwenda njia panda, nikasema masanduku yalikuwa yamechanganywa nami nimeyasoma yote manane.

"Mchungaji alikuwemo kwenye karatasi?"

"Hakuwemo."

"Mtu wetu yeyote?"

"Hakuna."

Akatoa msumari mdomoni. "Basi ulisoma nini?"

Nikamwambia Mchungaji anamwita, na kwamba hana siku nyingi. Aliweka nyundo chini mara ile, akanawa mikono mtoni. Maili tatu za kwenda Ebenezeri alitembea mbele yangu, mbali kidogo, na nilipoongeza mwendo naye aliongeza.

Aliingia chumbani peke yake. Mimi nilikaa kwenye ngazi pamoja na Dorcas, aliyekuwa akimenya viazi. Tuliwasikia wakiongea, sauti ya Cain na kikohozi cha mwenzake, na mara moja kicheko cha wote wawili. Dorcas aliacha kisu, akasema hajasikia kaka yake akicheka tangu kiangazi. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa kweli nilimshukuru, ingawa lilinichoma.

Jua lilikuwa limeinama Cain alipotoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa Dorcas mkono, akamwambia kama patahitajika mbao za jeneza anazo za mivinje, zimekauka vizuri, yeye atazileta. Nilisimama.

"Cain, naomba unisamehe."

Alinitazama, si kwa chuki.

"Mchungaji ameniomba hivyo hivyo kwa niaba yako," alisema. "Nimemwambia siwezi kumdanganya mtu anayekufa."

Akashuka ngazi, akachukua njia ya mtoni. Dorcas aliinuka kuwasha taa, akaniuliza kama nitakaa na mgonjwa huku yeye anapika, nami nikaingia.